Vistari 61

Yule mama wa mikopo ya nyumba alikuwa na kalamu ya kijani. Sura yake nimeisahau, kalamu siisahau. Ofisi yao iko juu ya duka la miwani, katikati ya Leicester. Mimi na mke wangu tumekaa upande mmoja wa meza, yeye upande wa pili, na mbele yake karatasi za benki za miezi mitatu, maana hapa Uingereza kwa kawaida hupewi mkopo wa nyumba mpaka waone hela yako inaingiaje na inatokaje. Akawa anafunua moja moja. Mshahara, pango, umeme, hela ya kutuma Tanga. Kisha kalamu ikasimama. Akachora kistari pembeni. Akashuka chini kidogo, kistari kingine. Kwa mwezi wa Septemba peke yake vilifika vistari 61.

"Na hizi ni nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini, kama muuguzi anayeuliza umeanza lini kuumwa.

Alikuwa anajua ni nini. Kampuni za kubeti hazijifichi kwenye karatasi ya benki, jina lipo, tarehe ipo, kiasi kipo. Pauni 20, pauni 20, pauni 20, pauni 30, pauni 10. Mke wangu hakusema neno mle ndani. Alisubiri mpaka tumefika kwenye gari, akafunga mkanda, akatazama mbele. "Mume wangu, kumbe hela ya dawa za mama haikukwama benki."

Hakuwa ananiuliza.

Hiyo ilikuwa Oktoba 2022. Nyumba tuliikosa mwaka ule, na mambo mengine ya kati yangu na yeye yanatuhusu wenyewe. Ninachotaka kusimulia ni kile nilichokuja kukijua kuhusu kubeti kwa njia halali katika nchi hii, kwa sababu wengi wetu tunafika hapa tukiwa tayari tunajua mkeka, yaani kufunga mechi kadhaa kwenye dau moja, zote ziingie ndipo ulipwe, na tunadhani tofauti ni pauni tu. Wengine, kama mimi, tunadhani kwa kuwa serikali inasimamia basi hakuna kitakachotupata. Kila kampuni iliyomo kwenye vile vistari 61 ilikuwa na leseni safi. Hakuna iliyoniibia hata peni moja.

Leicester ndiyo ilinitia ugonjwa, sitaki kusingizia mtu. Nilihamia hapa 2011, naendesha foklifti kwenye maghala ya Magna Park, zamu ya usiku. Msimu wa 2015/16 ulipoanza, wabetishaji walikuwa wanatoa 5,000 kwa 1 kwa Leicester City kuchukua ubingwa. Yaani weka pauni 1, ondoka na 5,000. Usiku wa tarehe 2 Mei 2016 Tottenham wakatoka sare ya 2-2 na Chelsea, mji huu ukapasuka, watu wamevaa jezi wanalia barabarani. Baada ya hapo kila kinyozi, kila dereva wa teksi, alikuwa anamjua mtu anayemjua mtu aliyekuwa ameweka pauni 10 mwezi Agosti. Mimi sikuwa nimeweka kitu. Na nadhani hapo ndipo lilipokaa jambo lenyewe: sikuwa naona nimeponea hasara, nilijiona nimepoteza hela ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Mwaka uliofuata nikaenda likizo nyumbani, na Julai 2017 nikawa Uwanja wa Taifa, Dar, Everton wakicheza na Gor Mahia. Rooney ndio kwanza amerudi Everton, akafunga kwa shuti la mbali, uwanja mzima ukasimama. Kifuani kwa Everton limeandikwa jina la kampuni ya kubeti ya Kenya. Nikacheka: nimetoka Uingereza kuja Dar kutazama timu ya Uingereza iliyovaa kamari ya Afrika Mashariki. Niliporudi Leicester nikafungua akaunti yangu ya kwanza.

Miaka miwili mitatu ilikuwa mikeka ya Jumamosi tu. Nane nane, kumi kumi, kama tunavyopenda. Odi za hapa, yaani namba zinazoonyesha utalipwa mara ngapi ya dau lako, zilinisumbua mwanzoni kwa sababu wanaandika 5/2 au 11/4. Ukiingia kwenye mipangilio unazibadili zikawa zile tulizozizoea, 5/2 ikawa 3.50. Lakini hakuna mipangilio inayobadili hesabu ya mkeka, nami sikuwahi kuifanya mpaka nilipoumia. Chukua mechi nane zenye odi ya 1.50 kila moja. Zidisha zote, unapata kama 25.6, na hiyo ndiyo inayokufurahisha. Sasa tuseme kila moja ina nafasi ya kweli ya asilimia 63, ambayo ni timu nzuri nyumbani. Zote nane kuingia pamoja ni kama asilimia 2 na nusu, mkeka mmoja katika 40. Unalipwa mara 25 kwa kitu kinachotokea mara moja katika 40. Mechi moja moja kampuni inakukata peni 5 au 6 katika pauni. Ukizifunga nane pamoja inakukata peni 36. Ndiyo maana matangazo yao yanapenda sana mkeka mrefu. Sisi tunadhani ni ujanja wetu.

Halafu ikaja korona. Machi 2020 ligi ikasimama, hakuna mpira karibu dunia nzima isipokuwa nchi chache kama Belarusi, na mechi za kompyuta. Akaunti ilikuwa na pauni 40 zimekaa. Pembeni ya ukurasa kulikuwa na neno "kasino", lilikuwepo siku zote, sikuwahi kuligusa. Nikaligusa.

Nieleze ilivyokuwa, maana watu wanadhani mtu anaingia kasino kwa tamaa ya utajiri. Saa tisa usiku, mapumziko ya zamu. Niko ndani ya gari, kiti nimekilaza, kioo kimeshika ukungu kwa pumzi yangu. Chai ya chupa, chapati mbili kwenye karatasi ya nailoni. Simu nimeiegemeza kwenye usukani. Matunda yanazunguka, yanasimama, yanazunguka. Naweka peni 40 kwa mzunguko, kitu kidogo. Nikishinda peni 15 inalia kengele na kumwaga sarafu za dhahabu kwenye kioo, wakati kwa kweli nimepoteza peni 25. Nisingekwambia nilikuwa na furaha. Nilikuwa sina chochote kichwani, na kwa mtu wa zamu ya usiku mwenye madeni ya nyumbani, kichwa kitupu ni starehe kubwa. Chapati nazirudisha nyumbani zimekakamaa.

Zile kengele za kushangilia hasara zilikuja kukatazwa. Oktoba 2021 Tume ya Kamari, ile yenye makao yake Birmingham, ilizuia mambo kadhaa kwenye sloti za mtandaoni, yaani hizo mashine za kuzungusha matunda: mashine isijizungushe yenyewe, mzunguko usipungue sekunde 2 na nusu, isishangilie ushindi ulio mdogo kuliko dau. Na ikafuta kitufe ambacho kilinila kuliko vyote, kile cha kughairi kutoa pesa. Zamani ukiomba kutoa pauni 300 mchana, mpaka usiku zilikuwa bado "zinashughulikiwa", na kitufe kiko pale kinakutazama. Nimeghairi mara zisizo idadi. Asubuhi sina 300 wala 3.

Lakini hebu fanya hesabu ya hizo sekunde 2 na nusu. Ni mizunguko 24 kwa dakika ukikaza. Tuseme unacheza taratibu, 600 kwa saa, pauni 1 kila mzunguko, na mchezo wenyewe umeandika kwenye maelezo yake kwamba unarudisha asilimia 95. Watu wanasoma 95 wanadhani ukiingia na pauni 100 unatoka na 95. Hapana. Ni asilimia 95 ya kila kinachopita, na katika saa moja umepitisha pauni 600 hata kama uliingia na 50, kwa sababu zile zile zinarudi na kupita tena. Kwa wastani saa hiyo inakugharimu pauni 30. Wakati ule mshahara wangu wa saa haukufika hata nusu ya hiyo. Nilikuwa natumia zaidi ya saa mbili za foklifti kununua saa moja ya matunda.

Haya, leseni.

Kwenye kila tovuti halali, ukishuka chini kabisa ya ukurasa, kuna maneno madogo yanayotaja Tume ya Kamari na namba ya leseni. Mtu wa kawaida anaona nembo, anaridhika. Nembo ni picha, na picha hata mimi naweza kuibandika. Kinachotakiwa ni kuibonyeza, ikupeleke kwenye daftari la wazi la Tume yenyewe, au bora zaidi uende mwenyewe kwenye daftari hilo utafute jina la kampuni. Pale utaona kama leseni iko hai, na utaona orodha ya anwani za tovuti zinazoruhusiwa chini yake. Linganisha anwani herufi kwa herufi na ile iliyo juu ya simu yako. Hii inachukua dakika mbili. Tangu 2014 haijalishi kampuni inakaa Gibraltar, Malta au kwenye mwezi: ikitaka kumhudumia mchezaji aliye Uingereza lazima iwe na leseni ya hapa. Leseni ya kisiwa fulani cha mbali si leseni ya hapa.

Faida yake niliiona 2021, kwa njia ya kero. Sisi watu wa majina matatu tunajuana: langu, la baba, la babu. Leseni ya udereva ina matatu, kadi ya benki ina mawili, na kwenye akaunti ya kubeti nilikuwa nimeandika la babu kama ndilo la katikati. Siku nimeshinda pauni 412 kwa mkeka, mkeka wa pekee wa maana maishani mwangu, nikaomba kutoa, wakanifungia. Wakataka kitambulisho. Nikatuma. Wakataka bili ya umeme. Nikatuma. Wakasema majina hayafanani. Nikawaelezea ukoo wangu wote mpaka babu wa Pangani. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila siku najibiwa na mtu mwingine, na kila mtu anaanza upya.

Kaka mmoja wa kazini, Mpunjabi aliyezaliwa hapa hapa, ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia acha kubishana kwenye kile kidirisha cha mazungumzo, andika malalamiko rasmi kwa barua pepe, weka neno "malalamiko" juu kabisa. Hapo wana wiki 8 za kukupa jibu la mwisho. Wakishindwa, au usiporidhika, unalipeleka kwa msuluhishi wa nje, wengi wao ni ile huduma inayoitwa IBAS, bila kulipa chochote. Kila kampuni yenye leseni inalazimika kumtaja msuluhishi wake. Nikaandika hivyo, nikataja IBAS. Wiki ya sita hela ikaingia, pamoja na samahani ya mistari miwili. Hata msuluhishi hakufika kuguswa.

Kwa hiyo siku hizi mtu akifungua akaunti namwambia: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, kadi yenye jina hilo hilo, anwani unayokaa kweli, na thibitisha kila kitu siku ya kwanza, kabla hujaweka hata pauni. Kadi ya mkopo usihangaike nayo, ilikatazwa tangu Aprili 2020. Na usiifanye akaunti ya kubeti kibubu. Hela iliyolala mle si kama iko benki. Masharti yao yanalazimika kusema italindwa kiasi gani kampuni ikifilisika, na baadhi zinaandika kabisa kwamba haitalindwa. Football Index, kampuni ya kubeti juu ya wachezaji wa mpira, ilikuwa na leseni halali ilipoanguka Machi 2021. Ukishinda, toa.

Bonasi nitasema kwa haraka kwa sababu naona haya. Nilipewa bonasi ya pauni 50, sharti uizungushe mara 35 kabla ya kutoa. Mara 35 ni pauni 1,750 zinazopita kwenye mashine inayokula asilimia 5, yaani hasara ya wastani ya pauni 87 na nusu ili uipate zawadi ya 50. Tangu Januari 2026 sheria imebana, haziruhusiwi kuzidi mara 10. Afadhali. Bado nusu ya zawadi inaliwa njiani.

Sasa nirudi kwenye gari, Oktoba 2022, mke wangu katazama mbele.

Usiku ule ule nilijifungia kwa GAMSTOP. Ni bure, unajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, simu, barua pepe, na kampuni zote za mtandaoni zenye leseni ya hapa zinalazimika kukukatalia. Unachagua miezi 6, mwaka 1, au miaka 5. Nilichagua miezi 6. Kwa nini 6? Mke wangu aliniuliza hivyo hivyo. Nikasema tuanze na hiyo. Mtu anayeacha kweli hasemi "tuanze na hiyo," lakini wakati ule sikujisikia nikiyasema.

Uzuri wake ni kwamba haifunguki. Wiki ya tatu nilipiga simu kuomba wanifungulie, nikadanganya kwamba aliyejaza alikuwa mtu mwingine, yule kijana akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema hapana. Akanipa namba ya simu ya msaada, 0808 8020 133, haitozwi, iko wazi usiku na mchana. Nilikasirika, sikuipiga.

Mwezi Januari ukaingia ujumbe kwenye simu. Kasino "isiyo ya GAMSTOP". Sikujua walipataje namba yangu. Nilijua kabisa maana ya maneno yale: kampuni yenye leseni ya hapa haiwezi kujitangaza hivyo, kwa hiyo inayojitangaza hivyo haina. Nilijua, na nikabonyeza. Sitaitaja, na haina maana kuitaja, maana kesho inabadili jina.

Walipokea hela kirahisi kweli. Hawakuuliza kitambulisho, hawakuuliza chochote, na wakati ule nikaona huo ndio utu uzima, kutendewa kama mtu mzima. Siku ya nne nikafika pauni 1,900. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikaomba kutoa. Hapo sasa ndipo wakahitaji kitambulisho. Nikatuma. Wakataka picha nimeshika kitambulisho karibu na uso. Nikapiga chooni kazini, chini ya ile taa nyeupe, naonekana kama mtu aliyekamatwa. Wakasema haionekani vizuri. Nikapiga nyingine. Wakasema kuna "amana ya uthibitisho" ya pauni 150 ambayo itarudi pamoja na ushindi.

Nililipa. Niandike hivyo hivyo, nililipa pauni 150.

Kisha wakasema nimevunja sharti namba fulani la bonasi ambayo sikuiomba. Kisha dirisha la mazungumzo likawa halijibu. Kisha akaunti haifunguki. Nikatafuta msuluhishi, hakuna. Nikaandikia Tume, wakapokea taarifa, lakini hela ya mtu kwenye kampuni wasiyoipa leseni hawana mkono wa kuifikia. Zile pauni 412 nilizipigania wiki sita nikazipata kwa sababu kulikuwa na mtu juu ya ile kampuni. Hizi 1,900 juu yake kulikuwa na paa tu.

Ndipo nikapiga ile namba. Saa kumi alfajiri, ndani ya gari lile lile. Akapokea mama mmoja mwenye lafudhi ya kaskazini, hakunihubiria. Aliuliza kama niko salama, nimekula, nina watoto. Kisha akaniuliza benki yangu ni ipi, tukiwa bado kwenye simu akanielekeza kwenye programu ya benki, mahali ambapo unazima malipo yote ya kamari kwa kadi. Benki nyingi za hapa wanacho kitufe hicho. Kwangu, ukitaka kuyafungua malipo hayo tena unasubiri saa 48. Aliniambia pia kuhusu programu inayozuia tovuti zenyewe kwenye simu. GAMSTOP inafunga mlango wa kampuni, benki inafunga mfuko, programu inafunga simu. Nilikuwa nimefunga mmoja na kupita kwa mwingine. Siku hiyo nikafunga yote, na GAMSTOP nikaiongeza. Nikamweleza mke wangu habari ya 1,900. Alichosema ni, "Na ile 150 ulitoa wapi?"

Nimerudi kubeti mwishoni mwa 2024, najua wapo watakaonisikitikia. Mama yangu akisoma hii atasema haramu ni haramu, na sina la kumjibu. Ni mpira tu, Jumamosi tu, pauni 20 kwa mwezi, na kasino yote nimeomba ifungwe kwenye akaunti yangu. Kikomo hicho kimewekwa kwenye akaunti, hakikai kichwani mwangu. Ukikishusha kinashuka palepale, ukitaka kukipandisha lazima usubiri saa 24 na uthibitishe tena. Saa 24 zinanitosha kupata akili. Mke wangu anaiona taarifa ya benki kila mwezi, na huwa hasemi kitu, anaisoma tu.

Sheria nayo imeendelea kubana. Tangu Aprili 2025 mzunguko mmoja wa sloti hauzidi pauni 5, na tangu Mei mwaka huo vijana wa miaka 18 mpaka 24 hawazidi pauni 2. Ukiweka zaidi ya pauni 150 kuliko unazotoa ndani ya siku 30, kampuni inatakiwa itazame kumbukumbu za wazi kama umefilisika au una hukumu ya deni. Watu wetu wananung'unika kwamba wanachunguzwa. Mimi nawaza ningekuwa wapi kama mtu angetazama 2022.

Septemba iliyopita akaja mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 20, anasoma hapa Leicester. Wiki ya pili tu akaniambia, "Mjomba, nifungulie akaunti ya huku, ile ya Bongo ikiwa huku haifunguki." Nilimzungusha mpaka Februari hii. Nilipoona anaanza kuulizia kwa wenzake nikamwita nyumbani, nikasema kaa hapa, tuifungue pamoja.

Nikamfanya asome daftari la Tume kwa sauti, anwani herufi kwa herufi, kama mtoto wa madrasa. Akajaza majina yake matatu kama yalivyo kwenye pasipoti. Kabla hajaweka hela skrini ikamuuliza anataka kikomo gani, siku hizi ni lazima waulize. Akaandika 200. Nikamtazama. Akafuta, akaandika 50. Nikaendelea kumtazama.

"Mjomba, pauni kumi kwa mwezi? Hiyo si hela ya chipsi na samaki?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Kula chipsi basi."

Akaandika 10. Akaweka zote kumi kwenye mkeka mmoja wa timu saba, nami sikumkataza, nikakoroga uji. Saa kumi jioni sita zilikuwa zinaongoza na tayari ananiambia bei ya tiketi ya ndege. Ya saba ikasawazishiwa dakika ya 88. Alikaa kimya kidogo na simu mkononi. Halafu nikaona kidole kinakwenda kwenye kitufe cha kuweka pesa, akaandika 10 nyingine, akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mjomba, inakataa. Inasema mpaka tarehe 1."

"Uji huu hapa," nikamwambia. "Sukari iko kabatini."